Ukoka, pemba, paspalamu au pevingi: chagua ukiangalia Januari, sio Aprili

Ukishahamia nyumba yako ya kwanza, ile uliyoijenga kidogo kidogo mpaka ukapaua, mgeni akija kukutembelea swali lake la kwanza ni "sa huku nje mnaweka nini?" na kila mtu ana jibu lake, huyu anasema mwaga pevingi mwanzo mwisho, yule anataka yale majani aliyoyaona hotelini, shangazi anakwambia acha mchanga mfagie tu kama tulivyokua sisi. Wote wana hoja. Shida ni kwamba uamuzi huu watu wengi wanaufanya mwezi wa nne, mvua inapiga, kila kitu kijani mpaka jalalani kijani, na kwa mwezi wa nne karibu kila aina ya majani inapendeza. Nenda ukayaangalie majani hayohayo mwezi wa kwanza na wa pili, kaskazi inavuma, jua la saa saba limesimama kichwani, bomba linatoka mara mbili kwa wiki. Hapo ndo utajua nani wa kumleta nyumbani kwako.

Naongelea zaidi Dar na pwani, yaani Tanga, Bagamoyo, Mtwara, hata Mombasa na Kilifi mambo hayapishani sana. Mikoa ya baridi nitaigusa pia maana kuna majani yake maalumu.

Anza na maji, sio na majani

Kabla hujauliza bei ya kiroba cha majani fanya hesabu hii, ni nyepesi na itakuokoa. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Majani unayotaka yabaki kijani kwenye joto la pwani yanahitaji kama milimita 25 kwa wiki. Kwahiyo uwanja wa mita 10 kwa 8, ambao wala sio mkubwa, ni mita za mraba 80, na 80 mara 25 ni lita 2,000 kwa wiki. Hizo ni simtanki mbili za lita elfu moja. Na uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, basi unazungumzia uniti 8 mpaka 9 kwa mwezi kwa ajili ya majani peke yake, hujafua, hujapika, watoto hawajaoga. Chukua bei ya uniti ya kwenu uzidishe, alafu ndo tuendelee.

Na hiyo ni kama maji yapo. Mwaka 2022, mwezi wa kumi na kumi na moja, Mto Ruvu ulishuka mpaka Dar ikaingia kwenye mgao, watu walikuwa wananunua maji ya boza, na wakati kama huo hakuna mtu mwenye akili timamu anamwagilia majani. Kwahiyo kigezo changu cha kwanza kwa jani lolote ni hiki: ukilinyima maji wiki tano, sita, linakufa au linalala?

Kigezo cha pili ni chumvi. Nyumba nyingi mpya ziko kwenye maeneo ambayo mtu anachimba kisima chake, na visima vingi vya karibu na bahari vinatoa maji ya chumvi. Kama maji yako yana chumvi peleka chupa maabara wakupimie ujue ni kiasi gani, maana chumvi kidogo na chumvi nyingi ni majani tofauti kabisa.

Cha tatu kivuli. Simama uwanjani saa nne asubuhi na saa tisa alasiri uangalie jua linafika wapi. Ukuta wa fensi wa mita mbili na nusu unatupa kivuli kuliko watu wanavyodhani, na mwembe ndo usiseme.

Ukoka na pemba: hapa ndo wengi mnatakiwa kuchagua

Ukoka kila mtu anaujua, ni ule mwembamba unaotambaa barabarani hata hakuna aliyeupanda. Watu wanaudharau kwa sababu hiyohiyo, ila mimi nautetea kwa nguvu zote. Unatambaa juu kwa vikonyo na chini kwa mizizi inayokwenda mlalo, kwahiyo jua likiunguza juu, chini bado kuna uhai. Januari unakuwa wa kahawia, unaonekana umekufa, jirani anakupa pole, alafu mvua mbili tu za mwezi wa tatu unaamka. Ukiutilia maji kidogo sana, kama milimita 10 kila wiki mbili, ambayo kwa uwanja wetu wa mita 80 ni lita 800, hautabaki kijani ila hautakufa. Hiyo tofauti kati ya lita 800 kwa wiki mbili na lita 4,000 kwa wiki mbili ndo tofauti ya mtu anayelala usingizi na mtu anayegombana na bili. Chumvi ya wastani nayo unaivumilia vizuri.

Ubaya wake? Kivuli haupendi kabisa. Chini ya mwembe utapanda, utaota, baada ya miezi kadhaa unapungua, unakuwa nywele mbili tatu na udongo mtupu. Na ukoka haujui mpaka. Kama una kibustani cha mchicha au maua pembeni, utaingia, na kuutoa ni kazi ya kuchambua kwa mkono kila kipande maana kipande kimoja kikibaki kinaanza upya. Alafu masika unakua kwa fujo, ukate kila wiki au siku kumi, ukichelewa unakuwa mrefu na chini unabaki miti mikavu, siku ukikata unaacha uwanja wa njano.

Pemba ni jani pana, nene, la kijani kibichi, ukilikanyaga peku unahisi kama zulia. Ni jani la kwetu kabisa, asili yake ni pwani hizihizi za Bahari ya Hindi, ndo maana upepo wa bahari haulisumbui. Kule Florida nako nyumba nyingi zina ndugu yake wa karibu. Sifa yake kubwa ambayo ukoka hana ni kivuli: chini ya mti, nyuma ya nyumba, kwenye kale kaupenyo kati ya ukuta na fensi ambako jua linaingia kwa masaa machache tu kwa siku, pemba inakaa. Inatambaa juu tu, haina mizizi ya kusafiri chini kwa chini, kwahiyo ikivuka mpaka unaishika unaivuta imeisha. Kukata ni mara chache zaidi, na iache ndefu kidogo, sentimita 5 mpaka 7, wakati ukoka unaweza kuushusha mpaka 3.

Lakini kiu. Pemba juani bila maji inaumia mapema kuliko ukoka, na ikikauka kweli kweli hairudi kirahisi kwa sababu hiyohiyo ya kutokuwa na akiba chini ya ardhi. Tena watoto wakiifanya uwanja wa mpira inachoka, vikonyo vinakatika na inachukua muda kujiziba. Na ikiachwa miaka bila kuchambuliwa inajilundika, juu kijani chini kuna tabaka la majani makavu kama godoro, maji yanaishia hapo hayafiki kwenye mizizi. Hiyo unaitoa kwa reki ya chuma kila mwaka kabla ya masika.

Kwahiyo ukiniuliza ukoka au pemba nitakuuliza wewe: jua lako liko wapi? Hakuna sheria inayosema uwanja mzima uwe na jani moja. Mbele juani weka ukoka, nyuma na chini ya miti weka pemba, katikati weka mstari wa matofali uliyozika kwa kusimama sentimita 15 hivi kuzuia ukoka usihame. Mafundi wengi hawatakushauri hivi kwa sababu aina moja ni rahisi kwao kuagiza na kupanda siku moja, ila uwanja ni wako na wewe ndo utaishi nao.

Paspalamu: nzuri, na inajua kwamba ni nzuri

Hii ndo ile ya hotelini. Laini, kijani inayong'aa, imekatwa chini, hata viwanja vya gofu vya pwani duniani wanaitumia. Kwenye chumvi hakuna jani la uwanjani linaloishinda, maji ambayo yangeua majani mengine yenyewe inakunywa. Kama uko Kigamboni karibu na maji au sehemu yoyote ambayo kisima chako ni cha chumvi na huna maji mengine, paspalamu inaacha kuwa anasa inakuwa jibu. Ila hata yenyewe wiki za mwanzo ikiwa inashika mizizi ipe maji yasiyo na chumvi, ya mvua ndo bora, chumvi iache mpaka ikomae. Na masika ikija shukuru maana mvua ndo inasafisha chumvi iliyojikusanya kwenye udongo.

Kwa mtu mwenye maji ya kawaida na kipato cha kawaida mimi naiona ni mzigo. Inataka maji ya mara kwa mara, inataka mbolea, inataka kukatwa mara nyingi tena kwa mashine yenye kisu kikali, ukiikata kwa fyekeo inakuwa na mabaka mabaka inachukiza. Ile ya hotelini ina watu wanaolipwa kuiangalia kila siku. Wewe una Jumamosi moja.

Kikuyu: ni ya watu wa baridi

Watu wanaona uwanja wa Arusha au Nairobi, jani nene la kijani kama limepakwa rangi, wanabeba kiroba mpaka Dar. Usihangaike. Ni jani la nyanda za juu za Afrika Mashariki, jina lenyewe linakwambia lilikotoka, linataka ubaridi na unyevu. Kama uko Arusha, Lushoto, Iringa, Njombe, Mbeya, au upande wa Kenya kule Nairobi na Limuru, basi hilo ndo chaguo la kwanza na ukoka ni la pili. Njombe na Makete baridi kali ya mwezi wa sita na wa saba ikipiga jani linakuwa kahawia, usiling'oe, joto likirudi nalo linarudi. Dar litaishi kwa taabu na wewe utaishi kwa taabu pamoja nalo. Onyo moja tu kwa watu wa huko juu: linavamia kuliko ukoka, lina mizizi ya juu na ya chini, liweke mbali na bustani ya mboga.

Dodoma ni habari nyingine. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka haifiki milimita 600 wakati Dar inapata karibu 1,100. Kule ni ukoka, sehemu ndogo, na miti ya kivuli kwa wingi, basi.

Pevingi, kokoto, na uwanja wa kufagia

Sasa tuje kwa wale wanaosema majani ni usumbufu. Pevingi ina faida za kweli: gari haizami, matope hayaingii ndani, nyoka anaonekana mapema, na ukishalipa umelipa. Kwa njia ya gari na pa kuanikia nguo mimi mwenyewe nasema weka pevingi bila kujiuliza mara mbili. Unene wa 60 milimita unatosha pa kutembea, panapopita gari chukua 80, na hela kubwa iende kwenye kushindilia kifusi cha chini, maana pevingi inayobonyea mwaka wa pili karibu siku zote shida iko chini sio kwenye tofali. Pembeni lazima pawe na mawe ya kushikilia, la sivyo zinaanza kuachana.

Kuziba uwanja mzima ndo siungi mkono, na sababu ni mvua. Milimita 50 kwa siku moja sio ajabu masika. Kwenye pevingi ya mita za mraba 100 hizo ni lita 5,000, simtanki tano zinamwagwa kwa mkupuo, na maji mengi hayana pa kuingia. Yanakwenda wapi? Kwa jirani wa chini, au barabarani, au yanazunguka yanakaa kwenye msingi wako mwenyewe. Zile mvua za mwisho wa 2023 na za Aprili 2024 kila mtu aliona maji yanavyotafuta njia yakinyimwa. Ukiwa kwenye mteremko, maeneo kama Goba na Madale, hili sio suala la urembo kabisa, ni la kuishi vizuri na majirani. Kuna pevingi zenye matundu ambazo ukoka unaota katikati, gari inapita na maji yanazama, kwa sehemu ya kuegesha ni nzuri sana na nashangaa hazijazoeleka zaidi.

Alafu joto. Pevingi inashika jua mchana kutwa na jioni inalirudisha kupitia dirishani kwako. Majani yanapumua maji, yanapoza. Kwenye nyumba isiyo na eisii utaona tofauti chumbani usiku wa Februari. Nyasi za plastiki ndo zinazidi, juani huwezi kukanyaga peku, ziwekeni barazani kwenye kivuli mkipenda.

Na pevingi haijafuta kazi, imebadilisha kazi. Majani yanaota kwenye viungo, masika upande wa kivuli inaota ukijani unaoteleza na mzee akianguka hapo ni nyonga, kwahiyo kila mwaka mara moja unasugua kwa brashi ngumu na kuongeza mchanga kwenye viungo. Kazi ni ndogo kuliko majani, ndio, ila ipo.

Kokoto ni nafuu na maji yanapita, weka karibu na ukuta wa nyumba upana wa nusu mita, zinazuia matope kurukia rangi. Ukiweka uwanja mzima majani makavu ya mti yanaingia katikati na huwezi kuyafagia, ndani ya miaka miwili una udongo na magugu yanaota juu ya kokoto zako.

Uwanja wa kufagia ule wa shangazi nauheshimu. Ni safi, hakuna wa kujificha, watoto wanacheza, hautumii maji zaidi ya kunyunyiza vumbi litulie. Kwenye kiwanja tambarare chenye mti mkubwa ni chaguo halali kabisa na asikuonee mtu aibu. Ila angalia nyumba za zamani utaona msingi umetoka nje, ngazi ya mlangoni imekuwa juu ya ardhi, kwa sababu ufagio wa kila siku na mvua ya kila mwaka vimebeba udongo. Kwenye mteremko usifanye hivyo, korongo linaanza na kamfereji kadogo kama kidole.

Upande masika au vuli?

Hili swali lina jibu moja kwa pwani: masika. Watu wanadhani mvua ni mvua. Lakini angalia kinachofuata baada ya mvua. Ukipanda mwanzoni mwa masika, katikati ya Machi mvua zikishashika, majani yanapata mvua mpaka Mei alafu yanaingia kipupwe, Juni mpaka Agosti, hali ya hewa imepoa, jua sio kali, vimvua vya hapa na pale vinadondoka, mizizi inajenga kwa utulivu miezi mitano kabla ya joto. Ukipanda vuli, Oktoba au Novemba, kwanza vuli yenyewe haiaminiki, kuna mwaka inakuja kuna mwaka inasuasua, alafu ikiisha tu mche wako mchanga unakutana uso kwa uso na Januari. Vuli itumie kuziba mapengo, sio kuanzisha uwanja. Kama umehamia Septemba na una haraka, tumia ile miezi kusafisha na kuua ndago.

Ndago nisipoitaja nitakuwa nimekudanganya. Hii ndo inayoharibu viwanja vingi vipya kuliko ukame. Inakuja na lori la udongo mweusi na inakuja na samadi mbichi, ile yenye kashina ka pembe tatu, ukiing'oa inakatika na vile vijiazi vinabaki chini vinachipua upya. Jembe linaisambaza. Njia inayofanya kazi ni kumwagilia kiwanja kitupu, iote yote, uipige dawa ya glaifoseti ikiwa na majani kama matano sita, usubiri, umwagilie tena, iote tena, uipige tena, ndo upande. Dawa hiyo inaua na majani yako pia kwahiyo nafasi ni kabla ya kupanda tu. Vaa glavu na gambuti, watoto na kuku wakae mbali, na usiipige upepo ukivuma. Asiyetaka dawa achimbe kwa uma na kuchekecha udongo, kazi ngumu ila inawezekana kwa eneo dogo. Ndago haipendi kivuli, ndo maana pemba iliyoziba vizuri inaibana kuliko ukoka, hiyo nayo weka kwenye mizani yako.

Kupanda kwenyewe: vikonyo vya ukoka sentimita 10 mpaka 15 kimoja na kingine, fukia nusu, acha majani juu, shindilia kwa mguu. Masika unaziba kwa miezi miwili mitatu. Pemba inakwenda polepole, kama hela inaruhusu panda karibu karibu. Kwenye mteremko usipande wakati mvua kubwa zimeshapamba moto, utaikuta mbegu yako kwa jirani.

Kukata: fyekeo, mashine, au kijana wa kuja

Fyekeo ni bei ndogo, haliharibiki, na kwa ukoka wa mita 80 mtu aliyezoea anamaliza kabla jua halijapanda. Linoe kwa tupa kila unapotaka kuanza, butu linachana majani ncha zinakuwa nyeupe. Ubaya ni kwamba halina usawa, na mtu akichoka anashuka mpaka kwenye udongo.

Mashine ya kusukuma yenye magurudumu inakata sawa na ina kipimo cha urefu, kwa paspalamu ni lazima, kwa ukoka ni raha, kwa pemba weka kimo cha juu. Kuinunua kwa uwanja mdogo sioni sababu, labda majirani watatu mchangie moja. Ile ya kubeba begani ya petroli ni ya vichaka na kiwanja ambacho hakijasafishwa, inarusha mawe kwa nguvu ya kuvunja kioo, anayeitumia avae miwani na viatu vya kufunika, na mtoto asisogee. Nimeona mtu anafyeka na ndala huku watoto wanaangalia, jamani, hapana.

Kijana wa kuja: kuna kumlipa kwa mwezi na kuna kwa kila mkato. Masika ni mara tatu nne kwa mwezi, Januari inaweza isiwe hata mara moja, kwahiyo kwa mkato unaokoa hela kiangazi ila masika kila mtu anamtaka siku moja na hutampata. Mimi napendelea kwa mwezi, mwaka mzima, na kiangazi anafanya kazi nyingine, mifereji, miti, reki. Mkubaliane mapema kazi ni zipi na vifaa ni vya nani. Mpe gambuti na glavu, mpe chai, ni mtu anafanya kazi juani kwako.

Kwa aina zote usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Likiwa limekushinda likawa refu, likate mara mbili, katikati ziache siku nne tano.

Mwaka unavyokwenda, na kila chaguo linavyokudai

Februari mwishoni, kabla mvua haijaja, wa majani na wa pevingi wote kazi moja: safisha mifereji na michirizi ya bati, kata matawi yanayoegemea paa na waya. Wa pemba pitisha reki. Masika yenyewe wa majani ndo mnalipa, kukata kila wiki, na katikati ya Aprili weka urea, robo tatu kilo kwa ule uwanja wa mita 80 inatosha, isizidi kilo moja, imwage majani yakiwa makavu na mvua inakuja au mwagilia papo hapo, ikikaa juu inaunguza. Ukiona mabaka yameliwa usiku mmoja angalia jioni kama kuna viwavijeshi. Majani yaliyokatwa usiyalundike ukutani, unaita mchwa. Na kila chombo kinachoshika maji, kifuu, tairi, kisahani cha chungu cha maua, kipindue kila wiki, Dar tulipata dengi mwaka 2014 na tena 2019 na mbu wake anazaliana kwenye vitu vidogo kama hivyo, awe kwenye majani au kwenye pevingi.

Kipupwe ni mapumziko, kata mara moja kwa wiki mbili tatu. Septemba inakauka, hapo anza kuacha majani marefu kidogo, yanafunika udongo. Vuli ikija mbolea mara ya pili na kuziba mapengo. Januari na Februari wa paspalamu unamwagilia bila kukosa, wa pemba unamwagilia palipo na jua, wa ukoka unaamua mwenyewe, wa pevingi unafunga mapazia.

Ningekuwa ni wewe

Maji ya bomba ya mgao na uwanja wa jua: ukoka. Miti mingi na fensi ndefu: pemba. Kisima cha chumvi: paspalamu, eneo dogo. Mlimani na baridi: kikuyu. Gari na kamba za nguo: pevingi, hapo tu. Mteremko: majani ya aina yoyote kuliko chochote kigumu, na ukoka unashika udongo vizuri zaidi.

Na usimalize uwanja wote mwaka wa kwanza. Panda mbele ya nyumba, huku nyuma fyeka tu na uangalie mwaka mzima maji yanatuama wapi, jua linafika wapi, watu wanapita wapi bila kufikiri. Hasa usiweke pevingi nyuma kabla hujajua mfuniko wa shimo la maji taka uko wapi na gari la kunyonya litaingilia wapi, weka alama, acha mita moja kila upande bila tofali, na mwambie fundi kabla hajashusha mchanga.